Mbio Ndefu ya Barabara ya Nundu

Kaka yangu, kocha wangu kwa simu kutoka Bukavu, alinipa sheria moja ya marathoni: usikimbie kilomita zote mazoezini. Kila Jumamosi ongeza kidogo, ukifikisha masaa matatu inatosha. Lakini bila hiyo mbio ndefu, alisema, nisijisumbue kusafiri kwenda kushindana.

Ni rahisi kusema ukiwa Bukavu. Jumamosi ya kwanza, siku ya posho kama tuiitavyo huku, sina darasa la kufundisha, nilitoka mjini Baraka asubuhi nikashika barabara ya Nundu. Kwenye mashamba ya mihogo, mama mmoja, mkimbizi wa Burundi, aliniona, akatupa jembe, akambeba mtoto, akaanza kukimbia kule nilikokuwa naelekea. Wenzake wakamfuata. Nilipowafikia aliniuliza huku anahema, "Bamefika wapi?"

Huku kwetu mtu mzima hakimbii bure; akikimbia, ni wenye bunduki wako nyuma yake. Nilipomweleza kwamba ni michezo, aliketi chini. "Mama, utatuua na woga," akaniambia. Niliona haya, nikarudi nyumbani nikitembea.

Baada ya hapo nikawa nazunguka uwanja wa mpira kama mbuzi aliyefungwa kamba. Hasira zilinichosha kabla ya miguu. Masaa hayakuongezeka, na safari ilikaribia. Nikampigia kaka kumwambia naacha.

Mama yangu, ambaye haoni maana yoyote ya mbio zangu, ndiye aliyekataa. Alikwenda kumwona mzee wa kanisa. Jumapili, baada ya matangazo ya harusi na chanjo, mzee akasimama: "Ule mwalimu mwenye iko nakimbia siku ya posho, hakuna kitu iko nakimbia. Musikimbie naye." Kanisa zima likacheka. Mama hakutosheka; tangazo hilohilo akalipeleka kwa Wakatoliki.

Jumamosi iliyofuata nilikaribia mashamba yale. Yule mama aliinua kichwa. Mtoto wake alikuwa amelala kivulini juu ya kitenge.

"Ni ule mwalimu," akawaambia wenzake, akaendelea kupalilia.

Nikapita. Barabara hii nimeikimbia tangu utoto, siku zote katikati ya watu na mizigo yao, vita vikiwa nyuma yetu. Safari hii nilitazama nyuma, nikaona migongo tu, imeinama juu ya mihogo. Nililia waziwazi, wala sikupunguza mwendo, na masaa matatu yalipotimia nilikuwa bado natamani kuendelea.