Kitambaa cha Mihogo Michungu

Kabla sijafika mbali niseme kabisa: ya kabla ya upasuaji ni yangu mwenyewe, nayakumbuka mpaka rangi ya sahani. Ya baadaye nimeambiwa. Ameniambia mume wangu, ameniambia mama mkwe, ameniambia binti yangu, tena wamerudia mpaka yakashika. Kwa hiyo usiniulize nimejuaje. Nimejua kwa kuwachosha watu.

Uvimbe ulikuwa kichwani, na ulitolewa Mwanza. Baada ya hapo nikachomwa mionzi, nywele za upande mmoja zikaondoka na hadi leo hazijarudi vizuri, ndiyo maana sivui kilemba hata ndani. Uhai nilipewa, sikatai. Daktari alimwambia mume wangu kwamba kumbukumbu za karibu zingenisumbua kidogo. Kidogo! Aje akae na mimi asubuhi moja tu, anione ninavyoweka sukari kwenye chai, nikageuka kufunika kopo, nikaweka tena, nikageuka, nikaweka tena, halafu nikamgombeza mtoto kwamba amemwaga sukari kwenye chai yangu. Ningependa kuisikia hiyo kidogo yake.

Kitu kinachoniudhi ni kwamba ya zamani yamebaki yote. Ng'ombe wa baba yangu kule Samuye ninaweza kukutajia mmoja mmoja, yupi alikuwa na pembe iliyovunjika na yupi alikuwa anapiga teke ukimkamua. Ukiniuliza kama nimekula mchana huu, itabidi nikachungulie sufuria.

Tunaishi njia ya kwenda Runzewe, kwenye makazi yaliyoota kwa sababu ya dhahabu. Mume wangu anafanya kazi kwenye karasha, mashine za kusaga mawe, na vumbi lake analirudisha nyumbani kwenye nyusi. Majirani zetu wametoka kila pembe ya nchi, na mwanamke huku akishazaa jina lake la kuzaliwa linazikwa. Tangu nilipojifungua, mimi ni Mama wa fulani, na huyo fulani ndiye binti yangu, wa pekee. Baada ya ule uvimbe nilijua sitazaa tena. Kwa hiyo ukisikia nilimpigania, ujue nilikuwa napigania nini.

Vita vyenyewe vilianza siku ya mnada. Nilikwenda naye kununua viatu vya shule. Nikarudi nyumbani na viatu. Nikaviweka mezani, nikawasha jiko, nikaanza kuchambua mboga, nikiimba. Mume wangu alipofika akauliza mtoto yuko wapi, nikamjibu yuko shule. Ilikuwa Jumamosi. Walimkuta kwa muuza vyungu, amekaa juu ya chungu kilichofudikizwa, hakulia hata kidogo. Alisema alijua baba atakuja. Si mama, baba.

Ukoo wa mume wangu wakaitisha kikao. Mimi nilikuwepo, nimekaa mkekani, wananizungumzia kana kwamba nimekwenda kisimani. Mjomba mmoja akasema mtoto apelekwe Ushetu kwa bibi yake, huko kuna shule, kuna shamba, kuna macho mengi. Nilimpasha huyo mjomba maneno ambayo mkwe hapaswi kuyasema, na hayo, kwa bahati mbaya, kila mtu anayakumbuka. Mume wangu akanitetea. Mwisho wakakubaliana hivi: mama mkwe aje akae kwetu mpaka shule zifungwe. Ikipita salama, mtoto abaki. Likitokea jingine, bibi ataondoka naye.

Mama mkwe akaja na kibegi chake na tumbaku yake ya kunusa. Nilimchukia kabla hajashuka kwenye pikipiki. Lakini niseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Kila nilipomkuta uani nilipiga goti, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Nikiingia ndani na kutoka, nampigia tena goti, "Shikamoo mama." Naye, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Asubuhi nzima. Binti yangu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Yule mama hakuwahi kuniambia kwamba nimeshamwamkia. Mume wangu ndiye aliyekuja kuniambia, na nilipoambiwa nikalia, sijui kwa aibu au kwa nini.

Sasa kuhusu mihogo. Kabla sijaugua nilikuwa najulikana kwa udaga. Kwa asiyejua, udaga ni mihogo iliyoloweshwa au kuvundikwa mpaka ikachacha na kulainika, ikaanikwa, ikasagwa unga wa ugali. Mama lishe wa machimboni walikuwa wanaufuata kwangu, wa kwangu haukuwa na harufu kali. Mihogo yake ni ile michungu. Inazaa sana, nguruwe pori hawaigusi, lakini ina sumu, lazima ipite kwenye maji siku zake ndipo iliwe. Ile mitamu unachemsha tu asubuhi ukanywea chai. Shambani utaitofautisha kwa shina na jani. Ikishang'olewa na kumenywa, yote ni meupe, yote ni mihogo. Hapo kinachotofautisha ni kichwa cha aliyeimenya.

Mume wangu alisema tuache michungu, tule sembe ya dukani. Nikamwambia, "Nywele zimekwenda, akili imekwenda, na udaga nao uende? Nibaki nani humu ndani?" Akavaa viatu akaenda karasha.

Badala ya kuacha, nikajitungia njia. Karatasi zilinishinda, nilikuwa naandika halafu nasahau kwamba nimeandika. Kwa hiyo nikachana khanga yangu kuukuu nyekundu, nikapata kitambaa kirefu. Kabla sijamenya mhogo mmoja mchungu, nafunga kwanza kitambaa kwenye mkono wa ndoo. Ndoo yenye kitambaa haiguswi. Ndoo isiyo na kitambaa, pika. Jambo hilo tulilirudia na mume wangu kila siku, nalo likaingia, kwa sababu mikono yangu inajifunza hata kichwa kikikataa. Wiki zikaenda. Mama mkwe mwenyewe akaanza kusema, "Mbona yuko sawa huyu?" Nasikia niliposikia hayo nilicheza pale uani.

Asubuhi ile niliamka, nikaingia jikoni, nikakuta ndoo mbili za mihogo iliyomenywa. Hakuna yenye kitambaa. Nikachota kwenye iliyo karibu, nikachemsha, nikaweka chumvi. Nikamwamkia mama mkwe, nikamwamkia tena. Yeye meno yamemwisha, anakunywa uji. Mume wangu alikuwa ameshakwenda karasha. Binti yangu akakaa kwenye kigoda na sahani yake, bibi yake anamtazama, mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai.

Nasikia alipouma kipande cha kwanza alikunja uso. Bibi akamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Cha moto." Akala. Akamaliza sahani.

Alianza kutapika njiani kwenda shule. Wenzake wakamrudisha, hatembei vizuri, anasema kichwa kinazunguka na macho hayaoni. Mama mkwe akanyakua mhogo uliobaki sufuriani, akauonja, akautema, akapiga ukunga. Mimi nikauonja. Uchungu ule ulikaa ulimini mwangu na nikajua nimefanya nini. Hilo sikuambiwa na mtu. Hilo ninalo mwenyewe, limekwama, kati ya yote yaliyopotea hilo ndilo limekubali kubaki.

Tulipanda pikipiki mpaka kituo cha afya, mtoto katikati yetu, mimi namshikilia na kumwita jina lake, na kila nikimwita nilikuwa naogopa nitasahau kwa nini namwita. Wakamwekea dripu, wakamtibu. Kufikia alasiri aliweza kuomba maji. Mhudumu akasema amepona, tumshukuru Mungu tulimuwahi.

Mama mkwe akatoka nje kumpigia simu mume wangu. Nikabaki na mtoto. Akanivuta mkono mpaka sikio langu likafika mdomoni mwake.

"Mama, kile kitambaa nilichukua mimi."

"Kitambaa gani?"

"Chekundu, cha ndoo. Nilimbebea mwanasesere wangu mgongoni. Nilitaka kukirudisha, nikasahau."

Alikuwa amejitengenezea mwanasesere wa gunzi la mahindi. Alitaka kumbeba kama akina mama wanavyobeba watoto, basi akakifungua kile kitambaa. Si zaidi ya hivyo.

"Sasa kwa nini ulikula? Hukusikia ni michungu?"

"Nilisikia. Lakini bibi alikuwa ananiangalia. Ningesema michungu, angesema umekosea."

Jamani. Nilikaa pale kitandani. Hebu fikiria nilichokuwa nimepewa, na kila nikisimuliwa nakifikiria upya. Nilikuwa nimepewa neno la kuniokoa. Kichwa changu hakikukosea siku ile! Nilifunga kitambaa kama ilivyotakiwa, nilifuata njia yangu, na aliyeiharibu ni mchezo wa mtoto. Ningemwita mama mkwe pale pale, nikamwambia, mtoto angebaki. Mume wangu angenitetea kwa sauti kubwa. Hata yule mjomba angenyamaza.

Tena nilijua nina muda mfupi. Nilijua nikifika nyumbani neno hilo litakuwa limeshamwagika njiani. Kama ni kusema, niseme sasa.

Nikamtazama mtoto. Midomo imekauka, sindano mkononi, na bado ananiangalia usoni kuona kama nimekasirika. Mtoto wa darasa la kwanza. Amejifunza kutafuna kitu kichungu na kukimeza, anasema ni cha moto, ili mama yake asisemwe. Nani alimfundisha? Mimi. Nilimfundisha kwa jinsi nilivyo. Nyumba gani hii ambayo mtoto hawezi kuchukua kitambaa akambeba mwanasesere bila mtu kufa? Ningemshinda mama mkwe, ndiyo. Halafu kesho yake binti yangu angeendelea kunilinda, na keshokutwa, mpaka siku atakayomeza kitu ambacho kituo cha afya hakitakiweza.

Hasira zangu zote za mkekani, maneno yote niliyompasha mjomba, vikaniishia. Nikasimama, nikatoka nje, huku narudia kwa sauti ili lisinitoroke: mpeleke, mpeleke, mpeleke. Watu waliokaa kwenye benchi walinishangaa. Nikamkuta mama mkwe bado ana simu sikioni. Sikumwamkia. Nikasema, "Mama, mpeleke kwako. Usisubiri shule zifungwe. Mpeleke kabla sijabadilisha mawazo, au kabla sijasahau kwamba nimesema."

Kuhusu kitambaa sikumwambia. Akakata simu, akanishika kiganja kwa mikono yake miwili. "Wabeja, mayo," akasema. Ahsante, mama. Mimi, mkwe wake.

Wameondoka. Mume wangu anasema nilifungasha mwenyewe nguo za mtoto, na kile kitambaa chekundu nilimfungia mwanasesere mgongoni mwake, nikakaza fundo. Siku hizi tunakula sembe ya dukani. Ndoo zimebaki na maji tu.

Majirani bado wananiita kwa jina lake, wataniitaje tena? Nikiitwa barabarani naanza kugeuka kumtafuta alipo. Saa za watoto kutoka shule nasimama mlangoni, na wakipita wote bila yeye napandwa na hasira, namsubiri na fimbo kwa kuchelewa. Mume wangu akinikuta hapo ananiambia yuko Ushetu kwa bibi yake. Nauliza nani aliyempeleka bila ruhusa yangu. Ananijibu taratibu, na ninamtukana, na analivumilia tusi. Masikini, ameoa mwanamke anayempoteza mtoto upya kila jua likielekea magharibi. Siku nyingine akichoka ananiambia amekwenda kutembea tu, atarudi. Siku hizo nakula nashiba.

Jumapili tunapiga simu. Kabla hajaipiga, mume wangu ananiketisha, ananishika goti, ananieleza yote tangu mwanzo: ndoo, kitambaa, mwanasesere, kituo cha afya. Mtoto alimweleza mwenyewe baadaye, maana lilimlemea. Mimi nalisikia kana kwamba ni la jirani, halafu linanifikia, nalia, nafuta uso. Ndipo anapiga.

Kwanza tunasalimiana. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Ananiambia habari za shule, za ndama aliyezaliwa, za bibi. Halafu sauti yake inashuka, na mume wangu ananikanyaga mguu kidogo, nijue linakuja.

"Mama, kile kitambaa nilichukua mimi."

"Najua, ng'wanone, mwanangu. Nilishakusamehe."

"Unakumbuka uliponisamehe?"

Mume wangu anatazama pembeni.

"Nakumbuka," namwambia. "Nakumbuka vizuri sana."