Shuka Juu ya Meza ya Shefu

Masomo niliacha mapema, lakini macho yangu yanashinda diploma za wengi. Juma hili, nikiwa ndani ya biro, ofisi ya serikali ya mazingira kule Salamabila, mama mumoja alitandika shuka jeupe lililojaa vumbi mezani mbele ya shefu, mukubwa wa ofisi.

«Nilianika asubuhi tu, karibu na mashine ya kusaga mawe ya zahabu. Mutoto wangu anakohoa. Muisimamishe!»

«Mama, serikali haikubali kupima hewa na shuka. Inakubali chombo chake tu.»

«Kiko wapi?»

«Hakijafika.»

«Na mutoto apumue nini?»

Shefu akatoa leso, akapenga kamasi, akamuonyesha weusi wa ile kamasi. «Mimi pia nalala nyuma ya mashine ile. Hii nayo haikubaliwi.»

«Pole, baba.»

Mimi, bingwa wa kucheka wakubwa, nilishindwa kucheka. Serikali, kubali basi hata leso ya mutu wako mwenyewe.