Nilimwita Mpishi Akimbie, Kisha Nikamwacha Katikati

Kosa ni langu, ndugu zangu, wala simsingizii mtu. Nimelificha miezi mingi, sasa limenichosha!

Mimi ni fundi cherehani hapa Arusha, barazani kwa tajiri wetu Mhindi. Yeye na jamaa zake hucheza kriketi Jumapili, kwenye majani chini ya boma la Wadachi. Hawakutimia kumi na mmoja, wakatuchukua na sisi wafanyakazi. Nikaonekana hodari wa kupiga. Jamani, kichwa kilinivimba!

Wa mwisho kushika gongo la kupigia alikuwa Anaeli, mpishi wa tajiri, Mmeru wa huko juu mlimani. Mpira wa kwanza tu, nje! Kila mara. Tulimcheka mpaka machozi.

Basi wakaja watu wa Moshi, na punda wao na makelele yao. Wakapiga kwanza, kisha zamu yetu. Wenzangu wakatolewa mmoja mmoja, nikabaki mimi, na bado zilitakiwa alama ishirini na nane, zile tunazoziita mbio, tushinde. Ndipo akaingia Anaeli, suruali kaifunga kwa kamba ya mgomba.

"Simama tu," nikamwambia. "Niachie mimi."

"Haya, kaka."

Mpira ukaja. Akauchapa ukavuka mfereji! Wa pili ukatua migombani huko!

"We! Umejifunzia wapi?"

"Hata sijui, kaka. Naupiga kama ninavyopasua kuni!"

Akina mama waliotoka sokoni wakatua mizigo, vigelegele juu. Na Ndeshi, binti niliyekuwa nimempelekea posa, alikuwa akirukaruka pale kando: "Anaeli! Anaeli!" Jina langu hakulitaja hata mara moja. Lo, wivu ukanipanda!

Akaendelea kuuchapa mpaka zikabaki mbio mbili. Nikaugusa mpira, nikamwita tubadilishane pande, "Njoo!" Akaja mbio huku anacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikarudi nilikotoka. Watu wa Moshi wakaangusha vijiti vya upande wake, naye bado yuko katikati, basi akahesabiwa katoka. Tumeshindwa!

Tajiri akaja amefura. "Nani kakosea?"

Nikainama kufunga kamba za viatu. Anaeli akanitazama, kisha akasema, "Mimi, bwana. Nilikimbia bila kuitwa."

Afadhali angenizaba kofi! Tangu siku hiyo hakupewa gongo tena. Na Ndeshi? "Nilikusikia kwa masikio yangu ukisema njoo," akaniambia. Posa ikaishia hapo hapo.

Juzi nikajikaza, nikaenda jikoni kumwomba radhi. Alikuwa akimenya ndizi. Akacheka!

"Kaka, nilijua. Ila siku ile nilikuwa na raha sana, sikutaka kuiharibu kwa ugomvi."

Akanisogezea kisu, tukamenya wote. Nilishindwa hata kuinua uso.

Nyie mnaonisoma, mwenzenu akipata siku yake, mwacheni aimalize! Mimi ningekimbia hatua chache tu, leo ningekuwa nasimulia ushindi, tena nikiwa na mke.