Goti Lililozeeka Kabla Yangu

Siku goti langu la kulia lilipoharibika nilikuwa nimembeba mama mmoja mnene mgongoni, na kosa lilikuwa langu. Mwaka ule wakimbizi kutoka Kongo walikuwa wanashuka Kibirizi, ufukwe wetu wa Ziwa Tanganyika, kila kukicha. Boti zilikuwa zinajaa mpaka zinakwama kabla ya kufika ufukweni, na sisi makuli ndio tuliowavusha watu mgongoni. Mimi nikaona kuvusha tu haitoshi. Nikaanza kucheza ngoma na yule mama majini ili wanawake wanaoanika dagaa wacheke. Wakacheka. Nikageuka, mguu ukabaki umebanwa kati ya mawe, goti likasema ko! Mama alilisikia.

"Umevunja nini?"

"Rekodi, mama."

Jioni lilikuwa limevimba kama papai. Nikalifunga kitambaa, wiki ya pili nikarudi kazini. Likawa linapoa, linavimba, linapoa. Mwaka uliofuata likaanza kugoma kukunjuka asubuhi, na nikipandisha kilima kwenda mtaa wa Mwanga linasaga kama lina mchanga ndani. Nikaenda hospitali, wakanipiga picha.

"Umewahi kutafuna kile cheupe kigumu mwishoni mwa mfupa wa kuku?" daktari akaniuliza. "Hilo ni gegedu. Lako limelika. Sasa mfupa unasaga mfupa."

"Litaota tena lini, dokta?"

"Halioti. Na ukiendelea kubeba mizigo litaisha kabisa. Una goti la mzee wa miaka sabini."

"Basi mrudishieni huyo mzee, anipe langu."

Akacheka, akaniandikia vidonge. Nje nikakaa kwenye benchi, nikashindwa kuinuka, na safari hiyo halikuwa goti. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, elimu yangu darasa la saba. Mgongo ndio kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa mtu.

Nyapara wetu hakuwa na masihara. Kuli anayechechemea anatolewa, maana akianguka anaanguka na mzigo. Kuficha kuchechemea haiwezekani, kwa hiyo mimi nikauzidisha mwendo makusudi. Nikashika kiuno, nikabinua mdomo, nikatembea kama kikongwe, huku nawaitikia watoto "marahaba, marahaba" hata kabla hawajaniamkia. Pwani nzima hoi.

"Babu, taratibu usimwagike!"

Karibu miaka miwili nilichechemea mbele ya macho ya nyapara, na yeye anafuta machozi kwa kucheka. Goti la kushoto nalo likaanza kulalamika, limechoka kubeba zamu ya mwenzake.

Halafu ikaja boti nyingine ya wakimbizi. Nikambeba mzee mmoja, mwepesi, mifupa mitupu. Katikati ya maji goti likakwama. Halikunjiki, halikunjuki.

"Nisaidieni jamani, goti!"

Pwani ikaangua kicheko. "Ongeza, babu!"

Nikaita tena, sasa nalia kabisa. Wakapiga makofi. Yule mzee mgongoni ndiye peke yake aliyejua, maana alikuwa anasikia ninavyotetemeka.

"Mutoto, uko na maumivu. Unishushe tu," akasema.

Tulianguka kabla sijamshusha. Yeye ndiye aliyeinuka kwanza, akanishika kwapani, akanikokota mpaka mchangani. Mkimbizi, tena mzee, kamvusha kuli. Hapo ndipo watu walipoacha kucheka.

Nyapara akaja, akachuchumaa, akajaribu kulikunja goti langu polepole huku kaweka kiganja juu yake. Likasaga. Akalihisi.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Na ule mwendo wa kutuchekesha?"

"Ndio mwendo wangu, bosi."

Akaliachia goti, akainuka.

"Kesho usije."

"Na keshokutwa?"

Hakucheka. Alimwita kuli mwingine akachukue nafasi yangu kwenye boti, watu walikuwa bado wanasubiri kuvushwa. Mimi nikabaki nimekaa mchangani, nalisubiri goti linyooke ili niondoke, maana sikutaka wanione nikitambaa.