Matairi ya Kumwendea Mama Mkwe

Fundi Rabson hajawahi kuruhusu tairi legelege litoke kibandani kwake. Naanza na hilo kwa sababu yote aliyoyafanya mwaka huu, hadi nikajikuta kijijini Kichiwa nimesimama kwenye tope namsikiliza mtu mzima akizungumza na mbuzi, yametokana na hilo tu.

Mimi naitwa Juliana. Nauza supu na chapati Makambako, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye kibanda chake cha pancha, na kwa miaka kumi na minne nimemwona mtu huyu kila siku ya Mungu. Ni mrefu, mwembamba, mpole kwa watu na mkali kwa matairi. Malori ya Zambia, ya Songea, ya viazi kutoka Makete, yote husimama kwake. Akishaziba na kujaza upepo, hupiga tairi kwa nyundo, huinamisha sikio, husikiliza, ndipo humpa dereva ruhusa. Dereva akitaka kuondoka kabla ya hilo sikio, Rabson hulala mbele ya gurudumu. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara mbili.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana shemeji yake, Ida, mdogo wa mkewe, aliolewa. Mimi nilialikwa pia. Rabson alikwenda harusini Kichiwa na suti nyeusi, na mfukoni, pale wengine wanapoweka kitambaa, akachomeka geji ya kupimia upepo. Wakati akina mama wanaimba ili bibi harusi atoke ndani, yeye alikuwa ameinama anazunguka msafara, gari moja baada ya jingine. Gari la bibi harusi lilikuwa na tairi moja la nyuma kipara. Mtu mwenye akili angemnong'oneza dereva. Rabson alichukua maikrofoni ya mshereheshaji akawatangazia watu wote, kisha, kabla hatujamaliza kushangaa, akalifungua tairi lenyewe. La akiba halikuwepo. Ida alifika kanisani amechelewa kwa saa mbili, na shela lake, ndani ya lori la viazi ambalo Rabson alilikagua na kulisifia sana. Mama yao, bibi Esnath, alilia mbele ya usharika mzima.

Fidelia, mke wa Rabson kwa miaka kumi na tisa, hakurudi Makambako siku ile. Alibaki kwa mama yake, akasema hatatoka pale mpaka mumewe aombe radhi. Rabson akasema, "Lakini tairi lilikuwa kipara." Kwa majuma matano hakuwa na neno lingine. Nikimpelekea supu, anatazama bakuli, anasema tairi lilikuwa kipara. Suruali yake ikaanza kumpwaya. Nilimwonea huruma, na nilitamani kumpiga kwa mwiko.

Sasa, ukoo wa akina Fidelia bado unashika mila ya ukwe kama ilivyokuwa zamani. Mkwe mwanamume hamkaribii mama mkwe. Hapiti ua wake, hamtazami usoni, hampi kitu mkononi, wala hasemi naye moja kwa moja. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu, na mtu akikosekana hupitia kwa chochote kilichopo karibu. Kwa kawaida mambo ya namna hii hupelekwa na mshenga. Mshenga wao ni Yusto, na Yusto ndiye aliyekuwa dereva wa gari la bibi harusi. Tairi lilikuwa lake.

Basi nikaenda mimi. Bibi Esnath alinipokea vizuri, akanipa togwa, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema amechoka na wanaotumwa. Radhi itoke mkononi mwa Rabson ifike mkononi mwake, kusiwe na mtu katikati. Nikamwuliza kama hiyo ina maana mila imelegezwa kidogo. Akasema mila iko palepale. Nikamwuliza, sasa mkwe atafikaje? Akasema hilo ni la mkwe kufikiria, maana anasikia ni fundi.

Juma hilohilo Mzungu mmoja aliyekuwa akielekea Malawi alipata pancha. Wakati anasubiri alitoa ndani ya gari lake kigari kidogo cha rimoti, kirefu kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko, akakiweka kwenye rundo la mawe nyuma ya kibanda. Si kigari cha mbio. Kilikuwa kinapanda mawe polepole kama kinyonga, na kila tairi lilikuwa linabonyea, linalikumbatia jiwe, linavuta. Madereva wa malori waliacha supu zao wakaja kuangalia. Mzungu alipoona Rabson anavyokitazama, akampa, pamoja na mfuko wa matairi ya aina nyingine mbili. Mke wa Mzungu, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele amekunja mikono, alifurahi kuliko sisi wote.

Rabson alinijia mbio. Nilidhani ameunguza kitu. Akasema bibi Esnath amekataa mtu katikati, na hiki si mtu. Yeye atasimama nje ya ua, ataweka zawadi ya radhi juu ya kigari, na kigari kitapanda mpaka miguuni pa mama mkwe. Nilitafuta kasoro katika hoja hiyo nikaikosa, na hilo lilinisumbua zaidi.

Lakini kwanza alikikagua, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Kila gurudumu lilikuwa na kitundu. Magurudumu kumi na mawili, vitundu kumi na viwili. Mzungu alikuwa ameviweka makusudi ili upepo utoke, tairi lilegee, lishike jiwe. Ndani kuna sponji ya kulizuia lisilale kabisa. Mtu mwingine yeyote angeliona hilo. Rabson aliona pancha kumi na mbili. Akasikitika, akasema yule bwana ana bahati sana kufika Makambako akiwa hai. Alishinda siku nzima anakata viraka vidogo kama kucha ya mtoto, anapaka gundi, anaviziba. Akanunua bomba la sindano duka la dawa, akajaza upepo matairi yote yakawa magumu kama kokwa. Kisha akayapiga kwa kijiko, moja moja, akiinamisha sikio.

Akaanza majaribio. Alifunga kwanza matairi madogo, yenye meno madogo yaliyosongamana. Kwenye jiwe kavu yalijitahidi, lakini kigari kilikuwa chini mno, kikakaa tumbo juu ya jiwe la kwanza, miguu hewani. Kwenye tope yale meno yalijaa udongo, yakawa maandazi manne. Akafunga makubwa, yenye kashata, yaani meno, ndefu zilizoachana kama za trekta. Haya yalikata tope bila shida, udongo ukirushwa mpaka kwenye sufuria yangu. Kufika kwenye mawe, kigari kimekuwa kirefu, kinayumba, mota inalia, kikaanguka chali. Akafunga ya kati, meno ya wastani, nafasi ya wastani. Hata mimi niliona kuwa hayo ndiyo yenyewe. Lakini yalikuwa magumu, na kila yakigusa jiwe yaliruka. Kigari kilidunda kutoka kwenye rundo kama mpira, kikampiga mteja wangu kwenye goti.

Rabson akasema yanahitaji upepo zaidi.

Nilivuka barabara nikiacha chapati kikaangoni. Nikamwambia yalipokuja yalikuwa laini na yalipanda, ameyafanya magumu na hayapandi, sasa anangoja nini? Akasema tairi legelege ni tairi gonjwa, na yeye hatoi tairi gonjwa. Nikamwambia, "Mtu mzima unashindana na jiwe. Jiwe halitalainika, Rabson. Na Fidelia yuko juu ya hilo jiwe." Chapati ziliungua zote. Hakusema nami siku mbili.

Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya kibanda amechutama peke yake. Alikuwa amebandua viraka vya matairi ya kati. Kigari kilikuwa kinapanda rundo la mawe, taratibu, bila kelele, na yeye anakitazama kwa aibu, kama mtu aliyefumaniwa.

Jumamosi tulikwenda Kichiwa kwa bodaboda mbili. Ukungu ulikuwa chini na mvua ilikuwa imeshapita mara moja. Nyumba ya bibi Esnath iko juu, na kutoka kwenye kichaka cha mianzi, ambapo mkwe lazima aishie, kuna hatua kama arobaini: kwanza tope jekundu, halafu mawe mpaka mlangoni. Habari zilikuwa zimetutangulia. Nusu ya kijiji ilikuwepo, na Yusto mbele yao, ameshika mwavuli. Bibi Esnath alikuwa amekaa kwenye kigoda kibarazani, ameelekeza uso kwenye milima, na mbuzi amefungwa kwenye nguzo kando yake. Fidelia hakuonekana.

Rabson alifunga kopo la ugoro juu ya kigari kwa mpira, maana bibi Esnath anaupenda ugoro na anadhani hatujui. Akakiweka chini. Nikakibonyeza tairi kwa kidole, nikahisi kama nimebonyeza embe bichi. Alikuwa ameviziba vitundu tena alfajiri na kujaza upepo. Nilimtolea macho.

"Mbele za watu, dada Juliana," akaninong'oneza. "Siwezi kutoa tairi legelege mbele za watu."

Akabonyeza rimoti. Kigari kilivuka tope, kikafika jiwe la kwanza, kikadunda. Jiwe la pili, kikadunda juu zaidi, kikageuka chali, kikaserereka kurudi mpaka miguuni pake, magurudumu yakizunguka hewani. Watu walicheka. Yusto alicheka mpaka mwavuli ukajifunga.

Bibi Esnath hakugeuza uso. Alimtazama mbuzi.

"Wewe mbuzi," akasema, kwa sauti iliyofika hadi mianzini, "mwambie huyo aliye chini kwamba matairi yake yamejaa upepo mno. Hata mimi nisiye fundi naona."

Kicheko kilikatika. Kumwambia Rabson neno kama hilo, mbele ya Yusto, ni kumvua nguo. Nilidhani atazunguka arudi Makambako, na nilikuwa tayari kumrudisha hapo kwa masikio. Badala yake akapiga goti kwenye tope na suti ileile ya harusi. Akatoa msumari mfukoni. Akatoboa kiraka cha kwanza, na watu wote tulisikia upepo ukitoka, kisauti chembamba. Akatoboa cha pili. Cha tatu. Cha nne. Akalibonyeza kila tairi mpaka likanywea vizuri.

Kigari kikaondoka. Kilivuka tope bila haraka, kikafika jiwe la kwanza, na tairi likabonyea, likalishika. Kikapanda. Kwenye jiwe la pili kiliinama upande mmoja mpaka mama mmoja nyuma yangu akasema Yesu, kikasimama, kikafikiri, kikaendelea. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Hakuna aliyecheka tena. Kilipanda kizingiti cha kibaraza kikasimama kwenye ndala za bibi Esnath.

Akalifungua kopo, akalinusa, akalifutika kwenye khanga yake. Tukasubiri.

"Mbuzi," akasema. "Kopo limefika. Radhi sijaiona."

Rabson alilowa jasho katika baridi ile. Akamkazia mbuzi macho kutoka hatua arobaini, maana hana ruhusa ya kutazama kwingine, akapaza sauti.

"Mbuzi, mwambie mama kwamba tairi lilikuwa kipara."

Nilimfinya mkono. Hakunijali.

"Lilikuwa kipara, na kesho nitasema lilikuwa kipara. Lakini ningeweza kumvuta Yusto pembeni nikamwambia. Mimi nilichukua maikrofoni. Nilimliza mtoto wake siku ambayo hairudi, na mke wangu nikamwaibisha kwao. Hapo nilikosa. Mwambie nilikosa, mbuzi. Nyumba ni kimya. Nikirudi jioni napiga kuta kwa nyundo nisikie kitu."

Mbuzi alikuwa anatafuna kamba yake. Yusto alikuwa anachunguza mwavuli. Mimi nilikuwa nalia, nasema wazi, na sijali nani aliniona.

Bibi Esnath akamwinamia mbuzi tena. Akamwambia amweleze Fidelia kwamba mvua inarudi, na wenye safari ya Makambako ni vizuri waondoke mapema.

Fidelia alitoka ndani na begi lililokwisha kufungwa. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani, vyenye soli laini kama sahani, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Alishuka mawe vizuri, akitutazama sisi na si njia. Alipofika kwenye tope mguu ukamtoka, begi likaruka huku, yeye kule. Rabson hakufikiri. Aliipita mianzi, hatua ya kwanza, ya pili, ya saba, ndani kabisa ya ua wa mama mkwe wake, mchana, nusu ya kijiji ikitazama, akamdaka mkewe kwa viwiko viwili kabla hajafika chini. Wakabaki hivyo, wameshikana.

Hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kuona mkwe akisimama pale. Nikainua macho kwa woga kumtazama bibi Esnath.

Alikuwa ameshageuza kigoda chake, mgongo wote kwetu, uso kwa ukuta, anamwuliza mbuzi kama mahindi ya mwaka huu yatawahi kukomaa kabla ya baridi.