Mpira wa Mafuta Chini ya Mama Mkwe

Mwanangu, kesho unaenda ukweni, nawe umeniuliza namna ya kumheshimu mama mkwe. Kaa kwanza. Kuna siku moja ambayo nikiikumbuka, hadi leo natazama chini.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa, Tarime yetu ilifika hadi ziwani. Tulihamishwa kutoka Nyamwaga, na mimi nikapewa kuendesha boti ya kijiji. Injini yake ilikuwa kuukuu, ya kubembelezwa, lakini niliijua vizuri. Na majivuno niliyokuwa nayo, usiniulize!

Dada yako Robi, mdogo bado, akashikwa na homa kali, shingo ikakakamaa. Mama yako alikuwa ndani na kichanga, hawezi kusafiri. Basi bibi yako, mama yake, ndiye aliyembeba Robi tuvuke ghuba kwenda hospitali. Mimi na mkwe wangu, boti moja! Akakaa katikati amenipa mgongo, mimi nikatazama maji.

Tulipofika mbali kidogo, injini ikakohoa, ikazima. Nikavuta kamba, kimya. Nikakagua tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, lilikuwa wazi. Nikaminya kile kipira cha kusukumia mafuta, kikabaki bapa. Nikajua hapo hapo kwamba mafuta hayatoki kwenye tangi. Nikaufuata kwa macho mpira unaoleta mafuta kutoka tangini, nao ukaingia chini ya mama mkwe. Alikuwa ameukalia.

Sasa nimwambie nini? Mdomo ulikataa kabisa. Kwetu mkwe hata kumtazama usoni ni kazi, sembuse kumtajia alipokalia! Nikajifanya fundi. Nikafungua plagi, nikaifuta, nikaipuliza, nikairudisha, ilhali nilijua haina kosa lolote. Nikavuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Upepo unaturudisha nyuma, Robi anatetemeka, na mimi nafuta plagi kavu. Loo, aibu yangu!

Mwishowe yule mama akasema, uso wake kwa mtoto, "Robi, mwambie baba yako, kama kuna kitu nimekizuia, aseme."

Nami nikamjibu kupitia kwa mtoto, "Mwambie bibi asogee kidogo."

Akasogea. Nikaminya kipira, kikajaa, nikavuta kamba, injini ikaunguruma. Rahisi hivyo.

Hospitali walimwokoa Robi, lakini masikio yake hawakuyaweza. Daktari hakunilaumu, wala hakuna ajuaye kama ule muda tuliopoteza majini ndio ulioyachukua. Ila mama mkwe alinikabili, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Mwita, ulijua tangu mwanzo?"

Nikainamisha kichwa.

"Heshima gani hii? Ungenisukuma, baba! Ungenisukuma hata nikaanguka majini!"

Ndiyo maana ukimwita dada yako lazima umguse bega. Mmekua mkidhani alizaliwa hivyo.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Mpishe mkwe njia, usile mbele yake, fanya yote tuliyokufundisha. Lakini siku mtu wako akiwa hatarini, sema. Mtumie mtoto, uambie ukuta, fumba macho ukitaka, ila sema. Aibu ya kusema ingeniisha siku ile ile. Hii ya kunyamaza nimezeeka nayo.

Mungu akupe nyumba yenye amani, wakwe wakupende, na ulimi wako usikwame saa unapohitajika. Haya, inuka. Dada yako yuko jikoni, kamguse bega umuage.