Kiingereza cha Mama Mativo

Awiti alifika mtaa wa Makongeni mwaka wa 1980, bi harusi wa miaka ishirini kutoka Siaya, na sanduku la mabati na lugha moja na nusu. Kijaluo alikuwa nacho chote. Kiswahili alikuwa nacho cha sokoni, cha kuuliza bei na njia. Mumewe, Okoth, alikuwa fundi wa mabehewa, na shirika la reli lilikuwa limempa chumba kimoja katika safu ya vyumba vilivyotazamana na ua wenye bomba la maji. Familia nane zilitumia bomba hilo.

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa Kavinya, mke wa karani wa tiketi, Mkamba wa Masii. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka minne kabla ya kuolewa, na bado alitembea kama mtu anayeingia darasani. Uani kila mtu alimwita Mama Mativo, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Awiti alimwogopa kidogo.

Mwaka uliofuata Awiti alijifungua binti, Amondi. Mtoto alipofika miezi kumi na moja alishikwa na homa, na Okoth alikuwa kazini Nakuru. Awiti akamfunga mgongoni akaenda naye hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, mgeni asiyejua Kiswahili, na muuguzi aliyekuwa akimtafsiria alikuwa ameitwa wodi nyingine. Daktari akauliza swali. Awiti akajibu, “Yes.” Neno hilo alilijua kwa sababu Okoth alilitumia akizungumza na wakubwa wake, na siku zote lilimridhisha aliyeambiwa. Daktari akauliza la pili na la tatu. Awiti akajibu yes, yes.

Mtoto akalazwa. Akachomwa sindano ya uti wa mgongo huku watu wawili wamemshika, na Awiti akasimamishwa nje ya mlango akisikia kilio chake. Siku mbili hakuna aliyemweleza jambo. Alikaa kando ya kitanda akiamini kwamba mwanawe anakufa na watu wanamficha.

Siku ya tatu Kavinya alikuja na uji kwenye chupa ya chai. Alizungumza na muuguzi kwa muda, kisha akarudi akaketi kitandani.

“Mama Amondi, huyu mtoto alipata degedege?”

“Hapana.”

“Alitapika usiku kucha? Shingo ilikakamaa?”

“Hapana. Alikuwa na joto tu.”

“Sasa mbona ulimwambia daktari ndiyo?”

Awiti alitazama sakafu. “Aliuliza vizuri,” akasema. “Niliona haya kumkatalia.”

Kavinya hakucheka. Alimimina uji, akamwangalia akiunywa mpaka ukaisha. “Mtoto ana malaria, na anapona,” alisema. “Mkitoka hapa, wewe na mimi tuna kazi.”

Kazi ilianza Jumatatu, bombani, nguo zikiwa zimelowekwa. Somo la kwanza halikuwa salamu wala jina. Lilikuwa sentensi moja, “I do not understand,” na Awiti aliambiwa aiseme kwa sauti, amtazame mtu usoni, na asitabasamu. Kutotabasamu ndiko kulikomshinda. Wiki nzima aliisema akicheka kwa aibu, na Kavinya akimrudisha mwanzo.

Baada ya hapo yakafuata maneno ya nguo zenyewe. Awiti, kama Wajaluo wengi wa rika lake, hakuwa na sauti ya “sh”. Kila aliposema “wash the shirt” ilitoka “was the sirt”, na Kavinya alimshika mashavu kwa vidole vyenye povu la sabuni na kuyabana mpaka midomo ikachongoka. Waliandika kwa mkaa kwenye sakafu ya saruji, kisha wakamwaga maji ya kusuuzia na kufuta somo. Jioni Awiti aliyarudia maneno akipika, na Okoth alirudi kutoka karakana akakuta mkewe anazungumza na sufuria.

“Unamwambia nini?” aliuliza siku moja.

“Namwambia achemke,” Awiti akasema. “Kwa Kiingereza hana haraka.”

Ilimchukua miaka mitatu kuweza kusoma gazeti la Kiingereza. Hakuna aliyemwambia kwamba Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi ya Kikamba. Alijua siku alipoinuka kanisani kusoma tangazo, akasema “mbas” badala ya “bus”, na kina mama wa Kikamba waliokaa nyuma wakageuka kutafuta ni nani wa kwao. Kavinya mwenyewe aliona fahari. Awiti hakuibadilisha lafudhi hiyo maishani mwake.

Mwaka wa 1986 wakaanzisha darasa katika ukumbi wa kanisa, kila Jumamosi saa nane. Walikuja wake za madereva wa treni, wa mafundi, wa walinda vizuizi vya reli. Wengine walificha daftari chini ya sukuma wiki kwenye kikapu ili waume wao wasiwacheke. Kavinya alifundisha ubaoni. Awiti aliketi na wale wa nyuma, kwa maana alijua hasa mtu anapotea wapi. Karibu wote walianza na sentensi ileile ya bombani. Ukiwauliza leo wazee wa Makongeni, watakuambia walizoea kuwasikia wanawake arobaini wakisema kwa sauti moja kwamba hawaelewi.

Mwaka wa 1999 mume wa Kavinya alistaafu na familia ikarudi Masii. Wakaandikiana. Awiti alituma barua, na jibu lilipokuja ndani yake mlikuwa na barua yake mwenyewe, imesahihishwa kwa wino mwekundu. Alizitunza zote. Kisha posta ikaanza kulegea, simu za mkononi zikaja na namba zikapotea, na mwaka ukapita, na mwingine.

Okoth alifariki mwaka wa 2012. Baadaye Awiti alihamia mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano, ambako jua huingia jikoni dakika chache tu kwa siku. Nyumba hakuilalamikia. Alichokosa ni ua. Akampata mwanafunzi mmoja: Sagal, mama wa Kisomali mwenye duka la vitambaa chini ya jengo, aliyetaka kuzungumza mwenyewe na walimu wa wanawe. Wakawa wanasoma alasiri, mlango wa duka ukiwa wazi.

Mwaka jana Awiti alikwenda mahakama ya Makadara kuapa kwamba amepoteza hati. Karani aliyepokea karatasi, mtu wa miaka hamsini na mvi, alisoma jina mara mbili, akainua macho.

“Wewe si Mama Amondi wa Makongeni? Mimi ni Mativo.”

Awiti alishika kaunta. “Mama yako je?”

“Yuko kwangu, Umoja. Alipata kiharusi mwaka juzi. Anatembea, anakula vizuri. Lakini Kiingereza kimeenda chote, na Kiswahili pia. Amebaki na Kikamba tu.”

Alhamisi iliyofuata Awiti alikwenda Umoja. Kavinya alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo kuliko zamani, kitambaa kimefungwa sawasawa kichwani. Alimtambua papo hapo. Alimshika mikono yote miwili na kusema maneno mengi sana.

“Anasema umekonda,” Mativo alitafsiri. “Anauliza nani anakulisha.”

Awiti hakuwa ameamini kwamba Kiingereza kile kingeweza kwenda chote; alikuwa ametayarisha hotuba ya shukrani kwa lugha hiyo, na alikuwa ameirudia njia nzima. Aliisema yote. Kavinya alimsikiliza kama mtu anayesikia redio ya nyumba ya jirani, kisha akageuka kumwangalia mwanawe. Awiti alikunywa chai akaaga. Alipofika Pipeline alilia ngazi zote mpaka ghorofa ya tano.

Asubuhi alishuka akanunua daftari la kurasa themanini.

Wiki iliyofuata aliketi mbele ya Kavinya na kuonyesha glasi ya maji. “Kiw’u,” Kavinya akasema. Awiti akarudia, vibaya. Kavinya akakaza uso, akanyoosha mgongo, akalisema tena polepole. Mara ya nne likakaribia, lakini hakumwacha. Waliendelea na jua, kiti, mlango, mkono, na Mativo aliporudi kutoka kazini aliwakuta katikati ya somo, akaenda kukaa jikoni ili asiwakatize.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu waanze. Awiti anaweza kusalimu, kuuliza habari za usiku, na kusema asante, “ni muvea”, akipewa chai. Juzi Kavinya alimsimulia jambo refu, na katikati yake Awiti alilisikia jina la Makongeni, na neno la maji, na neno la kilio. Nusu hakuipata. Alimwomba arudie, na Kavinya akarudia yote tangu mwanzo, bila haraka.

Alichelewa kufika nyumbani. Sagal alikuwa akimngoja dukani, kitabu kimefunguliwa juu ya mtandio.

“Mwalimu, leo ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa darasani,” Awiti alisema, akavuta kiti. “Haya, nisomee ulipoishia.”